Ushauri: dansi ya barafuni, zama za Torvill na Dean au za Virtue na Moir?

MamaOntario: Wakuu, salaam. Niko Kanada, dansi ya barafuni naipenda tangu usichana. Klabu yetu ina onyesho mwezi wa tatu na nimeombwa wazo la muziki. Tufuate Torvill na Dean, Waingereza waliotwaa dhahabu ya Olimpiki Sarajevo 1984, au Virtue na Moir, Wakanada wa Olimpiki ya Pyeongchang 2018? Silali kwa mawazo.

Mzee Kitwana: Torvill na Dean, basi. Tarehe 14 Februari 1984 nilikuwa masomoni Leeds, Uingereza, tumejazana sebuleni kwa mwenye nyumba. Bolero ya Ravel inaanza, wao wamepiga magoti, mavazi ya zambarau. Yule mama alisahau chai yake mpaka ikapoa. Majaji wote 9 wakatoa 6.0 ya usanii, alama ya juu kabisa enzi hizo. Mpaka leo nikisikia ile ngoma namkumbuka.

Bint Saidi: Mimi ni Papadakis na Cizeron, wale Wafaransa. 2018 kishikizo cha gauni kilimfunguka Papadakis, dada wa watu, dansi ndiyo kwanza inaanza, akacheza mpaka mwisho. Dhahabu ikawapita kwa alama 0.79. Beijing 2022 wakaichukua. Lakini dada, anayecheza ni nani?

MamaOntario: Binti yangu, miaka 10, na mwenzake wa kiume. Yeye anataka Virtue na Moir. Kitambaa cha zambarau nimeshampelekea fundi. Msinielewe vibaya, Bolero inafundisha utulivu, na mtoto hajui bado kinachomfaa.

Mwl. Haji: Umeshaamua, hapa unatafuta wa kukuitikia. Virtue na Moir waliunganishwa 1997, wana miaka 7 na 9. Mtoto ana macho yake, mwache apende wa kwao.

Chuma cha Pua: Hii chai. Bolero ile ina dakika nne na ushee, mtoto wa miaka 10 ataiweza wapi? Hata Torvill na Dean wenyewe walianzia magotini kwa kuwa muziki ulizidi muda ulioruhusiwa, na enzi hizo saa ilianza kuhesabu vyuma vya viatu vikigusa barafu. Mtu wa klabu angelijua hilo.

MamaOntario: Nalijua, kaka. Mwalimu ameukata ukabaki dakika mbili. Siwezi kumtungia mwanangu hadithi. Saa kumi na moja alfajiri ndiye mimi namkaza kamba za viatu, vidole vimekufa ganzi. Akitoka nafuta vyuma kwa taulo visishike kutu, naye anaimba wimbo wake chinichini, akidhani sisikii. Jana kaniuliza kama gauni la zambarau laweza kuvaliwa na muziki mwingine.

Chuma cha Pua: Samahani, dada. Nimekosa.

Bint Saidi: Ukamjibuje?

MamaOntario: Nilimwambia alale.

Mzee Kitwana: Mwanangu, mimi ni wa Bolero damu damu. Fundi ameshakata kitambaa?

MamaOntario: Sijui, mzee wangu. Nampigia sasa hivi, hapokei.