Mrejesho: mke wangu, kipimo chanya na kizazi kitupu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nilieleza kuwa mke wangu ana mimba ya wiki sita, anatokwa na matone ya damu, anaumwa kinena cha kushoto, na altrasaundi ya juu ya tumbo imeonyesha kizazi kitupu. Mlituhimiza tusingoje. Mungu awalipe.

Tulipanda boti kutoka Shela hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Daktari alisema kizazi kitupu peke yake si jibu: huenda mimba ni changa mno, imeshatoka, au imetunga nje ya kizazi. Akapima homoni ya mimba kwenye damu, akarudia baada ya saa 48. Katika mimba changa iliyo salama homoni hiyo kwa kawaida hupanda kwa nusu au zaidi. Yake ilijikokota tu. Altrasaundi ya kupitia ukeni, ambayo huona mirija ya uzazi kwa karibu zaidi, ikaonyesha uvimbe kwenye mrija wa kushoto: mimba ilikuwa imetunga humo.

Kwa kuwa mrija haukupasuka, alichomwa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba isiendelee kukua, badala ya upasuaji, akaachishwa vidonge vya foliki kwa kuwa hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Damu ilipimwa siku ya 4 na ya 7. Kati ya siku hizo mbili homoni lazima ishuke angalau asilimia 15. Alhamdulillahi, imeshuka. Atapimwa kila wiki mpaka iishe kabisa.

Akina dada wa visiwani, nawasihi: ukiwa na mimba changa, maumivu ya ncha ya bega au kizunguzungu huenda ni dalili ya damu inayovujia tumboni. Tafuteni boti hata usiku wa manane.