Tufanyeje ili watazamaji wa onyesho la vipaji vya vijana wasiondoke kabla ya mwisho?

Mratibu wa kikundi, Temeke

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Kikundi chetu cha vijana kinaandaa onyesho la jioni moja katika ukumbi wa kata, litakalokuwa na ngoma, sarakasi, ngonjera, vichekesho, nyimbo na igizo fupi la kufungia pazia. Safari iliyopita kila mzazi alikuja kumtazama mwanawe, na mtoto aliposhuka jukwaani familia nzima ilinyanyuka, hata waigizaji wa mwisho wakacheza mbele ya viti vitupu. Wenzangu wanapendekeza tuweke majaji na zawadi ili watu wasubiri matokeo. Je, shindano ndiyo dawa, au kasoro iko kwenye mpangilio wetu?

Mcheza ngoma wa zamani

Mimi shindano silipendekezi. Katika mashindano ya shule, kwaya hupambanishwa na kwaya na ngoma na ngoma, lakini jaji wenu atatumia kipimo gani kumlinganisha mtoto aliyeghani ngonjera na mwenzake aliyepinduka sarakasi? Walio wakubwa humu watakumbuka jinsi Muungano Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre iliyoanzishwa mwaka 1992, walivyoweza kuwashikilia watazamaji wa Dar es Salaam kwa saa nyingi kwa kuchanganya ngoma, vichekesho, sarakasi, maigizo na taarab katika onyesho moja. (Ushindani ulikuwepo, tena mkali, ila ulikuwa wa kundi na kundi.) Msanii aliyeonekana kwenye ngoma mwanzoni ungeweza kumkuta tena kwenye igizo, amevaa kanzu na ndevu za bandia, na watu wakamshangilia kwa sababu walikwisha kumzoea.

Kwa hiyo, badala ya kumpa kila mtoto kipindi chake kimoja, mpangieni viwili au vitatu vilivyoachana: apige ngoma mwanzoni, aitikie kwenye wimbo katikati, kisha awe jirani mmbeya kwenye igizo la mwisho. Mzazi wake hatakuwa na pa kukimbilia. Vichekesho vifanyike mbele ya pazia wakati nyuma yake vifaa vya igizo vinapangwa, maana ukimya wa kusubiri meza iletwe ndio unaowakumbusha watu kwamba wana safari ya kurudi nyumbani. Sarakasi nazo msiziweke mwishoni kwa tamaa ya kishindo, kwani mtoto aliyekaa muda mrefu akisubiri zamu yake misuli imepoa, naye huumia kwa urahisi.

Mlezi wa kikundi, Tanga

Naunga mkono, lakini naongeza jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kutunza. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika taarab, ambako mtu akiguswa na wimbo huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na sioni sababu ya kuikataza desturi hiyo. Hata hivyo, kwenye onyesho la watoto, mwenye shangazi wengi hushuka na fungu la noti, ilhali aliyeghani ngonjera vizuri kumzidi hushuka mikono mitupu, na siku ya mazoezi yanayofuata utawaona hawasemezani. Wekeni kapu moja ukingoni mwa jukwaa, mshereheshaji atangaze mapema kwamba tuzo zote ni za kikundi, kisha mzigawe kwa usawa au mnunulie mavazi. Vilevile, wakati wa sarakasi asipande mtu yeyote jukwaani. Nimewahi kumwona mama akipenya na noti yake hadi chini ya watoto waliopandiana mabegani, na aliye chini kabisa akageuza shingo kumpokea.

Fundi mitambo

Yangu ni machache. Muziki wote wa kuchezea ukusanywe siku moja kabla katika flashi moja, nyimbo zikiwa zimepangwa kwa namba za vipindi, kwa sababu kutafuta wimbo kwenye simu ya mtoto huku ukumbi ukisubiri ni kero kubwa. Kwa ngonjera, kipaza sauti kimoja kikisimamishwa katikati ya pande mbili zinazojibizana kinatosha kuliko kukipokezana. Kama mtatoza kiingilio, muoneni mapema afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu kibali.

Mratibu wa kikundi, Temeke

Nawashukuru sana. Suala la majaji tumeliondoa, na kapu tumelikubali. Linalonisumbua sasa ni mavazi: mtoto mwenye vipindi vitatu atabadilisha wapi, iwapo nyuma ya pazia letu kuna chumba kimoja tu, na wasanii ni wasichana na wavulana?

Mlezi wa kikundi, Tanga

Chumba wapeni wasichana. Wavulana wavae nguo za igizo ndani, na za ngoma juu yake.