Mrejesho: kukompaili kwenye Pi Zero au kwenye laptop

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama programu yangu ya kusoma mita za maji, niliyoandika kwa lugha ya Go, niikompaili (niigeuze kuwa faili la kuendeshwa na mashine) kwenye Raspberry Pi Zero yenyewe, kile kikompyuta kidogo kitakachoiendesha, au kwenye laptop. Aliyesema RAM ya 512MB itanitesa hakukosea: ilisaga weee, mara umeme wa Tabata ukakatika, nikaanza upya. Nikahamia laptop, nikaiambia itoe faili la Linux na prosesa ya ARM kama ya Pi (GOOS=linux GOARCH=arm), chai haijapoa imeisha.

Kuiwasha kwenye Pi, ikagoma: “Illegal instruction”, yaani amri ambayo prosesa haiijui. Kumbe niliweka GOARM=7, yaani toleo la 7 la ARM, na Zero hii ya zamani ni ARMv6, toleo la 6. Nikaweka 6, ikapiga kazi.

Maktaba ya SQLite (hifadhidata) yenye lugha ya C ndani nimeitupa, nikachukua iliyoandikwa kwa Go tupu. Kuhangaika na kompaila ya C ya ARM sina nguvu hizo. Vijiskripti vya Python bado navichezea humo humo kwenye Pi.