Moko ya mpwa wangu wa PCB: ana pointi 13 au pointi 5?

Mjomba wa Masasi
Habari za humu ndugu zangu. Mpwa wangu yuko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), anautaka udaktari tangu alipomuuguza bibi yake pale hospitali ya Ligula. Ada natoa mimi, kwa korosho. Moko ya shule, ule mtihani wa majaribio, alipata Kemia 58, Baiolojia 66, Fizikia 41. Moko ya mkoa imekuja Kemia 49, Baiolojia 63, Fizikia 44. Shuleni wanasema ana pointi 13, divisheni ya tatu. Kijana mmoja wa chuo hapa mtaani kapiga hesabu, anasema ni pointi 5 na udaktari asahau. Binti tangu juzi hataki kula. Nimwamini nani? Na kweli ameshuka?

Mwl. Kemia, Lindi
Mjomba, wote wawili wamehesabu sawa, ila vipimo ni tofauti. Kwenye divisheni za NECTA, Baraza la Mitihani, A ni 1, C ni 3, E ni 5, kwa hiyo pointi chache ndiyo nzuri. E, C, E za moko ya mkoa zinatoa 13, na divisheni ya tatu inaanzia hapo hapo. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanageuza: A ni 5, C ni 3, E ni 1. Ndiyo hiyo 5 yako.

Sasa itazame Kemia. 49 ni E, 50 ni D. Angeongeza alama moja tu angekuwa na pointi 12, divisheni ya pili, na kwa TCU 6. Alama moja! Mtoto hashindi na njaa kwa hilo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni Fizikia, mara mbili haifiki 45. Hiyo si bahati mbaya.

Kuhusu kushuka, usilinganishe haraka. Moko ya shule mara nyingi hutungwa kwa mada walizokwisha kusoma, ya mkoa inagusa na zile ambazo hawajazifikia. Nenda kaombe alama za kila pepa, 1, 2 na prakitiko, yaani mtihani wa vitendo.

Binti Mikindani
Nipo mwaka wa tatu udaktari. Moko nilipata E ya Fizikia, NECTA ikaja C. Nilichukua daftari, kila swali nililokosa naandika sababu: sikulijua, nilikosea hesabu, au muda uliisha. Karibu nusu ilikuwa muda! Ila mjomba, sifa za chini za TCU ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi za vyuo vya Muhimbili au Bugando zinagombewa, asilenge pointi 6 tu.

Mama Wawili, Newala
Ikishindikana kuna diploma ya utabibu, wapo waliopitia huko wakaja kusoma udaktari. Lakini hayo myaongee matokeo yakitoka. Sasa hivi mpikie anachokipenda.

Mjomba wa Masasi
Nimetoka shuleni. Kemia pepa 1 ana 57, pepa 2 ana 54, prakitiko 12 kwa 50! Nimemuuliza, anasema bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, ameishika mara mbili tangu kidato cha tano, wanasimama watano kwenye meza moja. Mwalimu wa maabara kakubali Jumamosi, ila kemikali zimeisha. Niende Mtwara mjini nikanunue nini?

Mwl. Kemia, Lindi
Usinunue kwa kubahatisha, asidi si chumvi. Mwalimu aandike orodha na kiasi, shule ndiyo iagize, wewe changia hela. Na Jumamosi hiyo aingie na wenzake wanne wa meza ile, kila mmoja amalize titresheni yake mwenyewe, yaani kupima asidi kwa bureti. Fizikia niletee alama za pepa kama ulivyoleta hizi.