Mjadala: Sheria iingilie maandishi ya kijivu kwenye programu za malipo?

Wadau, wengi hapa mnasema muonekano wa programu ni hiari ya kampuni na mbunifu wake, na asiyeona vizuri aongeze mwanga wa simu. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kubuni kurasa za programu, na hoja hii naipinga.

Juzi nilikuwa gengeni kwa shangazi, saa saba mchana, anamtumia hela mkulima wa mchicha. Kiasi kiliandikwa kwa herufi nene nyeusi, akakiona. Makato yalikuwa chini yake, vijiherufi vya kijivu juu ya nyeupe. Mwanga wa simu ulishafika mwisho. Akavuta khanga akajifunika pamoja na simu, wapi. Akanipa: "Hebu nisomee mwanangu, wanakata ngapi?" Nikasoma makato, na salio lake lote nikaliona, jambo ambalo halikunihusu.

Kipimo cha mambo haya kipo tangu 2008. WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1; maandishi makubwa, 3 kwa 1. Nyeusi tupu juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu chenye msimbo wa rangi #767676 kinapita kwa shida, 4.54. Yale makato nilipoyapima nilipata kama 2 kwa 1, tena hapo ni kivulini. Jua likipiga kioo, mng'ao unaangukia maandishi na mandhari kwa pamoja, kwa hiyo hata hiyo tofauti kidogo inazidi kumezwa.

Kuna mwenzangu amejibu kwamba kila kitu kikikolezwa, jicho halijui lianzie wapi. Hilo ni kweli kabisa, ndiyo msingi wa kazi yetu. Lakini mpangilio wa umuhimu unajengwa pia kwa ukubwa wa herufi, unene wake na nafasi unayoiacha pembeni. Tarehe ya muamala wa mwezi jana ififishe kiasi, sina ugomvi, ilimradi isishuke chini ya kipimo. Makato je? Ukiyafifisha umeshaamua kwamba mteja hana haja ya kuyasoma, na pesa ni yake.

Umoja wa Ulaya tangu 28 Juni 2025 unatumia sheria ya ufikivu, yaani huduma zitumike hata na wenye ulemavu, inayogusa hadi huduma za benki kwa wateja wa kawaida. Mimi siombi kubwa hivyo kwa kuanzia. Naomba msimamizi wa huduma za fedha adai kipimo hicho kwa vitu vitatu tu: kiasi, makato na jina la mpokeaji.

Mnaopinga, niambieni: kati ya hivyo vitatu, ni kipi mteja anaweza kukiruka kabla hajabonyeza Thibitisha?