Nasaini mzigo pungufu kazini, na binti niliyemleta kanisani ameniona. Naombeni ushauri

Mtunza Stoo:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnivumilie, nitaandika kwa urefu kidogo, maana jambo hili limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa.

Nimeokoka mwaka wa 11 huu. Naimba kwaya na ni mmoja wa wanaoongoza maombi ya akina mama. Kazini mimi ni mtunza stoo: napokea mizigo, nahesabu, naingiza kwenye leja, nasaini. Sasa mizigo mara nyingi inakuja pungufu. Hati inasema maboksi 40, ukihesabu ni 38. Dereva anasema mawili yatakuja safari ijayo, bosi anasema saini tu gari lisichelewe, nami nasaini 40. Kuna wakati yale mawili yanakuja kweli. Kuna wakati hayaji, na mwisho wa mwezi yanaingizwa kwenye orodha ya vilivyoharibika. Sijawahi kuchukua hata senti moja. Ndivyo nilivyokuwa nikijitetea mbele za Mungu, kwamba mikono yangu ni misafi.

Kuna binti ameajiriwa kunisaidia. Nilimkaribisha kanisani akaja, na tangu hapo hakosi. Wiki tatu zilizopita tulihesabu naye mzigo, tukapata 38. Akaniona naandika 40. Hakusema neno mpaka gari likaondoka, ndipo akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote: "Dada, hapa tunaandika tulichohesabu au tulichoambiwa?"

Nikamjibu, tulichoambiwa. Akachukua kalamu akaandika 40 kwenye leja kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini kwa rula.

Hakubisha, na hicho ndicho kinachoniumiza. Jumapili nikisimama kuimba namwona mstari wa tatu, sauti inanikwama. Niache kazi? Nina watoto wawili wanaonitegemea. Huyu binti nimwambie nini? Na yale niliyokwisha kusaini je?

Askari wa Msalaba:
Dada, tokeni kati yao mkatengwe nao, ndivyo Neno linavyosema. Acha hiyo kazi wiki hii hii. Mungu aliyekuokoa hatashindwa kulisha watoto wawili.

Baba Wawili:
Ndugu yangu Askari, naheshimu moyo wako, lakini tusimharakishe mwenzetu. Soma Luka 3. Watoza ushuru walimwendea Yohana wakamuuliza, tufanye nini? Kazi yao ilikuwa inanuka kwa watu wote. Yohana hakuwaambia waiache, aliwaambia wasitoze kuzidi walichoamriwa. Askari nao wakauliza, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alirudishwa pale pale alipokuwa akikosea, akaanze hapo kutenda haki.

Na Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mbaya kama wapo. Humo humo akaficha manabii 100, hamsini hamsini mapangoni. Angekuwa ameondoka, nani angewaficha?

Sisemi mtu asiache kazi kamwe. Ukiambiwa chagua, uongo au mlango, basi mlango. Lakini dada hajaambiwa hivyo bado. Hajajaribu hata mara moja kuandika 38.

Kaka Mpole:
Pole dada. Mimi naona unajitesa bure. Mhubiri 7:16 inatuonya tusiwe na haki kupita kiasi. Huibi, unafuata agizo la mkubwa wako, na hao watu wamezoeana biashara yao. Ombea bosi wako, endelea na huduma. Shetani anatumia mambo madogo hivi kumnyamazisha mwimbaji.

Baba Wawili:
Kaka Mpole, aya inayofuata inasema pia tusiwe waovu kupita kiasi, kwa hiyo tusiishie ya 16. Na kilichomnyamazisha hapa si Shetani. Dhamiri yake iko hai, tumshukuru Mungu kwa hilo.

Mkaguzi Mstaafu:
Mwanangu, nimekagua stoo za watu miaka 26 na ni mzee wa kanisa, kwa hiyo acha nikwambie kwa pande zote mbili.

Saini ni ushuhuda. Ukiandika 40 unamwambia mtu wa malipo, asiyeuona huo mzigo, kwamba alipe 40. Analipa. Maboksi mawili yamelipiwa na hayapo. Pesa yake imeenda kwa mtu, hata kama mtu huyo si wewe. Ukizoeleka hivyo, wanaoleta mzigo wanajua kwenye stoo yako mawili hayaulizwi, kesho yanakuwa manne. Siku mambo yakiharibika, dereva hayupo, bosi hakumbuki kama alisema, karatasi ina jina lako. "Sijachukua hata senti" nimeisikia kwa watu waliokuwa wanalia mbele yangu. Walikuwa wanasema kweli, na haikuwasaidia.

Sasa fanya hivi. Hesabu na dereva akiwepo, kabla hujashika kalamu. Ikiwa pungufu, kata ile 40 kwa mstari mmoja, isomeke bado, usiifute wala usiizibe. Pembeni andika "zimepokelewa 38, pungufu 2", tarehe, saini yako na saini ya dereva, kwenye nakala zote. Hapo gari halichelewi hata dakika tano. Yale mawili yakija, yapokelewe siku hiyo kwa hati yake. Kwenye leja inaingia 38.

Bosi usimwendee na mahubiri. Ukimwambia "wokovu wangu hauniruhusu" atasikia kwamba unamhukumu. Mwambie, "Mzee, naomba tusilipie tusichopokea." Hilo ni kweli, na ni kwa faida yake. Danieli alipokataa kujitia unajisi hakugoma, aliomba ajaribiwe siku 10, akampa yule msimamizi njia ya kukubali bila kuhatarisha shingo yake.

Ya nyuma: usiguse leja za zamani. Wengi wakitubu wanakimbilia kurekebisha tarakimu, na hilo nalo ni kughushi. Hesabu vilivyopo leo, linganisha na leja, andika tofauti kwa tarehe ya leo, mpelekee bosi kwa maandishi.

Mama Mlezi:
Baba ametoa ushauri mzuri wa karatasi, mimi niseme habari ya binti.

Mpendwa, mtafute yeye kabla hujamwendea bosi. Nitakueleza kwa nini. Mimi nafundisha watoto kanisani, na watu wanasema nina sauti ya upole. Siku moja nimeketi chumbani, nikamsikia binti yangu wa miaka 9 akicheza na mdogo wake. Mchezo wenyewe wanaita "mama". Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza nyororo, "Karibuni watoto wazuri, Yesu anawapenda." Halafu akageuka, akakaza shingo, "We! Mara ngapi nimekwambia?" Mdogo wake akamuuliza, sasa hivi wewe ni mama wa wapi? Akajibu bila kufikiri: "Wa nyumbani."

Sikutoka chumbani nusu saa nzima. Sikuwahi kuwapiga wala kuwatukana, kwa hiyo nilijihesabu mama mzuri. Kumbe wamejifunza kwamba Yesu ana mahali pake, na mama akitoka pale anavaa sauti nyingine.

Jioni niliwaketisha nikawaomba msamaha. Kosa nililofanya ni kuongeza "lakini na nyie mnanichosha". Yule mkubwa akainamisha kichwa, nikajua msamaha wangu umeishia hapo. Ilibidi nirudi kesho yake kuomba tena, safari hii bila lakini.

Kwa hiyo ukienda kwa huyo binti, usiseme "bosi ndiye aliyeniambia". Anajua. Mwambie, "Nilikufundisha vibaya, nisamehe." Ukimaliza, nyamaza. Yeye ni mchanga katika imani, na swali lake lilikuwa la kweli, alitaka kujua huku kwetu mambo yanakwendaje.

Askari wa Msalaba:
Baba Wawili, nimeisoma tena Luka 3. Nakubali niliharakisha. Mimi mwenyewe niliacha kazi kwa sababu kama hizi, na Mungu alinitunza, kwa hiyo niliona kila mtu apite nilikopita. Dada nisamehe. Lakini siku ukiambiwa "saini au ondoka", usiogope.

Kijana Mwombaji:
Nina jambo dogo. Wengi wetu tunafikiri kuishi na Mungu kazini ni kupata nafasi ya maombi marefu. Nehemia alipoulizwa na mfalme, "Unataka nini?", imeandikwa aliomba kwa Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Mfalme alikuwa anasubiri jibu! Ombi lile halikuzidi pumzi moja. Mimi naendesha mashine na siwezi kufumba macho, nimejifunza kuomba hivyo hivyo. Dada, kabla kalamu haijagusa karatasi, sema tu "Bwana, nisaidie." Inatosha.

Kaka Mpole:
Nimefuatilia mpaka hapa, na ninayafuta niliyoandika juu. Nilipenda dada apumzike moyo, ila nilitaka apumzike mahali pasipofaa. Mkaguzi, hiyo ya pesa kwenda kwa mtu hata kama si wewe, sikuwa nimeifikiri.

Mtunza Stoo:
Wapendwa, nimerudi baada ya siku nane. Mungu awabariki wote, hata Askari, wewe ulinitikisa ukanifanya nisilale.

Nilianza na binti, kama mama alivyosema. Nilimkuta anapanga rafu. Nikamwambia, "Siku ile nilikufundisha vibaya. Tunaandika tulichohesabu. Nisamehe." Nilitamani sana kuongeza la bosi, likafika mpaka kwenye ulimi, nikalimeza. Akaniangalia kidogo akasema, "Nilijua ni mimi sijaielewa kazi, dada." Nililia pale pale. Kwamba aliona kosa, halafu akajilaumu yeye kwa kuliona!

Mzigo uliofuata ulikuwa pungufu 3. Nilifanya kama alivyoelekeza baba Mkaguzi, mstari mmoja, namba pembeni. Dereva alinuna, akasema siku hizi nimebadilika, lakini alisaini. Bosi nilimwambia yale maneno ya kutolipia tusichopokea. Alikaa kimya, kisha akasema sawa.

Nikadhani yameisha. Kesho yake akaniita: "Na huko nyuma je?" Nikamweleza yote. Tulihesabu stoo nzima siku mbili, mimi na binti, tukakuta pungufu ya vitu 17. Bosi amekasirika sana. Ameagiza niandike maelezo. Nikimkumbusha kwamba aliagiza mwenyewe anasema hakumbuki, kama baba ulivyosema. Sijui kama kazi ninayo au sina.

Nimekuwa nikimfikiria Zakayo, aliyesema atarudisha mara 4. Je, nijitolee kulipa vyote 17?

Mkaguzi Mstaafu:
Hapana, mwanangu, tulia. Zakayo alirudisha alichokuwa amechukua kwa hila. Torati katika Walawi 6 ilidai mtu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, naye akapita hapo mbali. Wewe kitu chenyewe huna. Ukijitolea kulipa vyote leo, utaonekana unakiri wizi usioufanya, na aliyechukua atabaki salama. Andika ukweli wako: nilisaini idadi nisiyoipokea, kwa miezi fulani, kwa maagizo ya mdomo, sikufaidika, nilikosea. Usimpake bosi matope wala usimfiche. Ofisi ikikupa sehemu yako ya kubeba, na ikiwa ya haki, ibebe. Toa nakala, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ibaki nawe.

Baba Wawili:
Na mweleze mchungaji wako kabla hajasikia kwa wengine. Huduma ya kwaya mwachie yeye aamue. Usijifukuze mwenyewe, wala usijifiche humo.

Mtunza Stoo:
Nilimweleza jana. Amesema nipumzike kuongoza kwa muda, lakini niendelee kuimba. Nimeona ni sawa. Nitakaa mstari wa nyuma.

Maelezo nimeyaandika, kurasa mbili. Mara ya kwanza zilikuwa tano, nikakuta tatu nzima najitetea, nikazichana. Kuna sentensi moja iliyonichukua usiku mzima: "Nilijua idadi si sahihi wakati nasaini." Binti alitaka aandike jina lake kama shahidi, nimemkatalia, leja ile aliiandika kwa kunitii mimi.

Nazipeleka kesho saa mbili asubuhi. Mikono inatetemeka. Naombeni mnikumbuke saa hiyo.

Mama Mlezi:
Saa mbili nitakuwa natembeza watoto kwenda shule. Nitaomba nao njiani, kwa sauti ya nyumbani.

Kijana Mwombaji:
Nipo zamu ya asubuhi. Nitakukumbuka mashine ikiwa inazunguka.

Kaka Mpole:
Nami nipo, dada.