Umri wa 1901 na wa 1911 haulingani: nitafuteje ubatizo wa Sullivan wa Skibbereen?

Shemeji_wa_Cork

Wakuu, habarini. Nawasaidia wakwe zangu walioko Boston kufuatilia ukoo wa mama mkwe. Jina ni Sullivan, Wakatoliki, wametoka pande za Skibbereen, County Cork, Ayalandi. Wa mbali kabisa tuliyemfikia ni Jeremiah. Sensa ya 1901 inasema ana miaka 55 na mkewe Hanora 48. Ya 1911, kitongoji kilekile, watoto walewale, yeye ana 72 na mkewe 63. Yaani ndani ya miaka kumi mume kaongeza 17 na mke 15! Mtoto wao wa kwanza alizaliwa 1870.

Je, ni watu walewale? Ubatizo wa Jeremiah niutafute 1839 au 1846? Sensa za kabla ya 1901 sizioni popote. Rejista za parokia nimezifungua kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, lakini hakuna sehemu ya kuandika jina, na mwandiko wenyewe ni Kilatini cha kukimbizana.

Karani

Ni walewale, na aliyewazeesha ni pensheni. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa mwenye miaka 70 na kuendelea. Uandikishaji wa vizazi wa serikali kwa Wakatoliki ulianza 1 Januari 1864, kwa hiyo mzee wa 1909 hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wengi hawakujua miaka yao, na 1901 walitaja namba ya kukadiria tu. Baada ya 1909 kila mtu akawa na sababu ya kuhesabu upya, na wengine walihesabu kwa ukarimu.

Ila usikimbilie kusema 1911 ni uongo. Mtazame Hanora. Kwa sensa ya 1901 alizaliwa 1853, maana yake alijifungua akiwa na miaka 17. Kwa ya 1911 alizaliwa 1848, akajifungua na 22. Hiyo ya pili inaingia akilini zaidi kwa Cork ya wakati ule, na yeye kwa miaka 63 pensheni ilikuwa bado mbali. Kwa Jeremiah tafuta kuanzia 1838 hadi 1847, ukianzia 1840 na kwenda mbele.

Sensa za zamani usizihangaikie. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin tarehe 30 Juni 1922, Ofisi ya Kumbukumbu ilipolipuka pale Four Courts, jengo la mahakama. Vipande vilivyobaki ni vya kaunti chache.

Lakini pensheni iliyokuchanganya ndiyo inaweza kukuokoa. Mwaka 1909 sensa za 1841 na 1851 zilikuwa bado zipo, na waombaji waliomba zipekuliwe ili kuthibitisha umri. Fomu za maombi hayo zimehifadhiwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, bure mtandaoni, kwenye sehemu ya sensa. Fomu inataja jina la mwombaji, baba, mama pamoja na jina lake la usichana, na kitongoji walikoishi 1841 au 1851. Chini yake karani wa enzi hizo kaandika alichokuta: wakati mwingine familia nzima na umri wao, wakati mwingine hakuna kitu. Hata fomu iliyojibiwa "hakuna" ni dhahabu, kwa sababu majina ya wazazi yameshatajwa. Tafuta kwa kitongoji, si kwa jina tu. Sullivan wa Cork ni wengi mno.

Jambo jingine: fungua picha ya fomu ya 1911 yenyewe, usitegemee majina yaliyochapwa upya. Wanawake walioolewa waliulizwa miaka waliyokaa kwenye ndoa, watoto waliozaliwa hai, na wangapi bado wapo. Wajane hawakutakiwa kujaza, ila wengi walijaza na mwandikishaji akapiga mstari juu. Chini ya mstari bado panasomeka. Ukikuta Hanora kaandika 42, ndoa ni 1868 au 1869, yaani baada ya 1864, na cheti chake kipo bure kwenye irishgenealogy.ie. Huko vizazi vinafunguliwa baada ya miaka 100, ndoa baada ya 75, vifo baada ya 50. Cheti cha ndoa kinataja baba wa pande zote mbili na kazi zao. Mama hawamo. Anza hapo kabla ya kugusa kanisa.

Mama_Rejista

Naongezea upande wa kanisa.

Kwanza, hiyo tovuti ya Maktaba ya Taifa (registers.nli.ie) ni picha tu za filamu za rejista, nyingi zikiishia karibu 1880. Faharasa ya majina iko kwingine. Una bahati ya Skibbereen: sehemu kubwa ya kusini na magharibi ya Cork imo kwenye faharasa ya bure ya irishgenealogy.ie, ilhali kaskazini na mashariki, jimbo la Kikatoliki la Cloyne, haimo. Tovuti za ukoo za Ancestry na Findmypast nazo zina faharasa ya picha zilezile. Tafuta kwenye faharasa, chukua parokia na tarehe, kisha rudi kwenye picha ujisomee. Picha ikiwa imefifia, ongeza utofauti wa mwanga kwa vitufe vilivyo pembeni.

Pili, parokia ya Kikatoliki si parokia ya kiserikali. Mipaka haifanani, na mara nyingi hata jina ni tofauti. Ramani na rekodi za ardhi zinatumia ile ya kiserikali, ubatizo unatumia ya Kikatoliki. Mtu anasoma kwenye sensa jina la parokia, analiingiza kwenye tovuti ya rejista, hapati kitu, anakata tamaa. Kwenye tovuti ya Maktaba tumia ramani yao: bonyeza eneo la kitongoji chako, uone parokia ya Kikatoliki na zile zinazopakana nayo. Angalia na za jirani. Harusi kwa kawaida ilifungwa parokia ya bibi harusi, na mtoto wa kwanza mara nyingine alibatizwa kwa kina mama yake.

Kilatini chenyewe hakitishi. Mfano wa mstari wa ubatizo:

*Die 14 bapt. Jeremiam fil. leg. Joannis Sullivan et Mariae Regan. Sp. Dionysius Regan, Brigida Sullivan.*

Tarehe 14 alibatizwa Jeremiah, mtoto wa ndoa wa John Sullivan na Mary Regan. Wasimamizi Denis Regan na Bridget Sullivan. Miisho hubadilika kwa sarufi: Joannes anapokuwa baba wa fulani huandikwa Joannis, Maria huwa Mariae. Gulielmus ni William, Jacobus ni James, Eugenius ni Owen au Eugene. Huyo wako ana majina zaidi: Jeremiah, Jerh., Darby, hata Demetrius. Na Hanora ni mtego, kwa sababu Honora na Johanna wote wawili huishia kuitwa Hannah nyumbani.

Wasimamizi usiwaruke. Walikuwa ndugu na majirani, na ukoo wa msimamizi unaorudiwa ubatizo baada ya ubatizo ndio unaokutenganishia John Sullivan huyu na yule wa kilima cha pili. Kwenye ndoa, ukiona *in tertio gradu consanguinitatis*, bwana na bibi harusi walikuwa vitukuu wa mtu mmoja na walipewa ruhusa maalumu. Mstari kama huo unakupandisha vizazi kadhaa bila rekodi nyingine.

Vifo vya Wakatoliki hawakuviandika sana, usishangae. Na tarehe: ukikuta mtoto wa baada ya 1864 kabatizwa kabla ya "kuzaliwa", fuata kanisa. Kuchelewa kuandikisha kizazi kulikuwa na faini, kwa hiyo wazazi walisogeza tarehe mbele.

Shemeji_wa_Cork

Asanteni sana. Safu ya ndoa ya 1911 inasema 42, na cheti nimekipata: Februari 1869, wote "full age", baba wa Jeremiah ni John, mkulima. Fomu ya pensheni sijaiona. Kwenye faharasa kuna ubatizo wa Jeremiah mwana wa John Sullivan mara tatu kati ya 1839 na 1846, mama tofauti kila mara. Nitamchaguaje?

Ramani

Usimchague, muondoe mmojammoja. Hiyo "full age" inamaanisha 21 na kuendelea tu, haikusaidii. (Februari haishangazi: hawakufunga ndoa wakati wa Kwaresima, ndiyo maana harusi zinarundikana kabla ya Jumatano ya Majivu.)

Nenda kwenye uthamini wa ardhi wa Griffith, bure kwenye askaboutireland.ie. Kwa Cork ulichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1850, wakati John huenda bado yupo. Unataja mwenye kushika ardhi tu, si familia. Usitafute kaunti nzima: fungua kitongoji cha cheti cha ndoa usome wote waliomo. Huko Cork magharibi, wakiwa John Sullivan wawili kitongoji kimoja, mthamini aliongeza alama kwenye mabano: John Sullivan (Tim), yaani John wa Tim, kama sisi tunavyosema Juma Hamisi. Hapo umepewa baba wa John bure.

Kisha shuka kwa vitabu vya marekebisho ya uthamini. Kila shamba lilipobadilisha mtu, jina la zamani lilikatwa na jipya likaandikwa kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Shamba la Jeremiah la 1901 lifuate nyuma: likitoka kwa John kwenda kwa Jeremiah, umempata John. Vya Cork viko Dublin, kwa Tailte Éireann (taasisi ya serikali ya mambo ya ardhi), na unaweza kuomba nakala za kitongoji kimoja. Fomu ya nyumba ya 1901, ile inayohesabu vyumba na madirisha ya mbele, ina safu ya mwenye kushika ardhi, linganisha.

Sambamba na hilo, toa ubatizo wa watoto wote wa Jeremiah na Hanora. Desturi ilikuwa mwana wa kwanza apewe jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Binti wa kwanza la mama wa mama, wa pili la mama wa baba. Binti wa pili akiwa Mary, yule Jeremiah wa mama Mary anapanda juu. Ni dokezo tu. Wapo walioifuata na wapo waliopuuza. Na angalia kama kati ya hao watatu yupo aliyekufa au kuoa kwingine, maana miti ya ukoo ya mtandaoni imejaa Jeremiah aliyeunganishwa na wazazi wa jirani, halafu kila mtu akanakili.

Karani

Nakubaliana na Ramani. Ila, Shemeji, fomu ya pensheni usiiache. Kutoiona kwa jina lake hakutoshi. Tafuta ndugu zake: kaka au dada aliyeomba 1909 hadi 1921 atakuwa kataja wazazi walewale na kitongoji kilekile, na dada aliyeolewa atakuwa chini ya jina la mume.

Na watoto waliobaki shambani watafute kwenye sensa ya 18 Aprili 1926, iliyofungwa kwa miaka 100, hadi Aprili 2026. Ile iliuliza umri kwa miaka na miezi, kwa hiyo hesabu zake zinabana kuliko za 1911.